Kitufe Kisichojitaja

Shangazi yangu,

Shikamoo. Simu itakusomea barua hii, ukichoka, izime. Huku mvua haikatiki, na paa la ofisi linamvujia bosi kichwani. Tunacheka chinichini.

Jana nilifumba macho nikaiacha simu inisomee, kama inavyokusomea wewe, ili nipange miadi kwenye tovuti ya kliniki, tovuti ile niliyokutambia kuwa nimeitengeneza mwenyewe. Ikasema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe," bila kutaja ni cha nini. Nilihangaika saa nzima, nikashindwa.

Kumbe uliponiambia umesahau kupanga miadi ya kutibiwa jicho lililobaki, hukusahau. Ulinisitiri.

Leo kila kitufe kinajitaja. Jaribu tena, tafadhali. Kikikushinda, nipigie unigombeze mpaka nilie. Usinisitiri tena.

Mwanao, fundi wa maringo