Mlango wa Ishirini na Tano

Chiayi, 6 Oktoba 2019

Mdogo wangu Yung-fa,

Salamu nyingi. Natumai goti lako limepoa, na mvua za Keelung zinakuachia angalau siku moja ya kuanika nguo. Mimi moyo umechoka. Daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Ndiyo maana naandika jambo nililolikalia miaka kumi na sita.

Unakumbuka ulipokuwa fundi mitambo melini, nikaweka seva ya barua pepe hapa nyumbani ili Mama apate anwani yake. Alikuwa na miaka sabini na minane, akajifunza kuchapa kwa kidole kimoja. Barua yako ikiingia, uji wa viazi vitamu ulipoa mezani. Aliisoma kwa sauti, akicheka peke yake, kisha akanigeukia: "Yung-fa anaandika kama anaongea. Wewe unaongea kama unaandika."

Mimi ndiye niliyemwogesha na kumkata kucha. Wewe ulimtumia mistari kumi kutoka Rotterdam, ukapata uso ambao sikuwahi kuuona ukielekezwa kwangu. Nilikuchukia kwa mistari hiyo.

Agosti 2003 radi iliunguza ruta, kile kifaa kinachoiunganisha nyumba na intaneti. Nikafunga mpya, nikajaribu: nikatuma barua kutoka kompyuta yangu kwenda kwa Mama, ikafika papo hapo. Nikaridhika. Kosa la aibu kwa mwalimu wa elektroniki: kompyuta zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba. Mlango wa ishirini na tano, unaopokea barua pepe zinazoingia kutoka nje, sikuufungua kwenye ruta. Barua zako zilibisha hodi siku tano tano, kisha zikakurudia.

Niligundua baada ya wiki tatu. Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Lakini jioni hiyo Mama, kwa kukosa cha kusoma, aliniuliza nilivyoshinda. Nikauacha umefungwa.

Kila Jumapili aliuliza kama kuna kitu. Nilisema hakuna, na kweli hakukuwa na kitu. Ulipopiga simu kutoka bandarini, nilikuambia kampuni ya simu inasumbua, na kwamba Mama amelala. Alikuwa chumba cha pili, anamenya karanga.

Miezi saba. Alikufa akidhani umemsahau. Mlango niliufungua siku iliyofuata mazishi.

Kaka yako,
Chin-tsai

---

Keelung, 2 Novemba 2019

Chin-tsai,

Goti ni lile lile.

Barua zilizorudi ninazo, ishirini na tisa. Nilidhani Mama ndiye aliyenichoka, nawe unaona haya kuniambia. Miaka yote hii nimemchomea udi huku nimemnunia.

Nijibu kitu kimoja tu. Sanduku lake la barua pepe bado lipo?

Yung-fa

---

Chiayi, 5 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata huo. Mimi napumua kwa kupumzika.

Lipo. Mashine nimebadilisha mara tatu, na kila mara nililihamisha sanduku lake kwanza. Mlango uko wazi. Safari hii nimejaribu kutoka nje, kwa simu ya jirani.

Kaka yako,
Chin-tsai

---

Chiayi, 19 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Natumai umeamka salama. Mimi siku hizi naamka saa sita mchana.

Barua ulizozituma upya zimeingia, zote ishirini na tisa. Namsomea Mama kwa sauti mbele ya kibao cha jina lake, pale ninapomchomea udi, tatu kwa siku, maana pumzi haitoshi kwa nne. Nasoma vibaya. Penye mzaha wako nakohoa.

Leo nimefika ya Desemba 2003. Umeandika: "Mama, mwambie kaka namwonea wivu. Yeye akikohoa wewe unasikia. Mimi nikiumwa anajua nahodha tu."

Nikafunga kompyuta. Kama ningeufungua ule mlango, Mama angenisomea maneno hayo mezani, uji ukipoa.

Zimebaki nane. Sidhani kama ni haki nizimalize mimi.

Kaka yako,
Chin-tsai

---

Keelung, 20 Novemba 2019

Kaka,

Hii naituma kwa barua pepe ili initangulie. Bado nina hasira nawe, na nitakuja nazo. Ishia hapo hapo, usiguse hata moja. Nimekata tiketi ya treni ya kesho saa tatu. Wali wa bata mzinga nitanunua nikishuka pale stesheni, sahani tatu, moja ya Mama.

Mdogo wako,
Yung-fa