Usigonge Mlango

Mpendwa Dada,

Salamu zikufikie hapo kwa Mama, wewe na watoto. Natumaini kifua cha Mama kimetulia na kitindamimba ameacha kumlilia baba yake. Mimi ni mzima, ukiacha mkono wa kulia ulio bado kwenye plasta. Naandika kwa kushoto, ndiyo maana mwandiko unatambaa kama wa mtoto wa chekechea. Usinicheke.

Najua unangoja habari za mumeo, basi nisikuzungushe. Kesi ilisikilizwa Jumanne. Feni ilizunguka polepole juu yetu, na Shemeji alisimama kizimbani akiitazama, kana kwamba yote yale yalimhusu mtu mwingine. Kosa alishalikiri. Ilibaki adhabu tu.

Daktari wa akili alieleza kwamba vita havikuisha siku Shemeji aliporudi na begi lake. Mwili wake bado unalinda zamu kule vitani, hata akiwa mezani nasi. Aliomba apewe kifungo cha nje na matibabu. Mwendesha mashtaka hakubisha kwamba ni mgonjwa. Aliuliza tu: karakana ya useremala ina kelele kila siku, mbona ubao mmoja kuteleza ulitosha kumfanya avunje mkono wa shemeji yake kwa nyundo? Mtu huyo kesho atamvunja nani? Akaomba miaka mitano. Nikaona hakimu anaandika.

Siku ile, Dada, ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Jua limeingia dirishani, vumbi la mbao linaelea, karakana yote kama imesinzia. Shemeji alikuwa anapiga randa mguu wa kiti huku akiimba chinichini, na miezi mingi sikuwa nimemsikia akiimba. Kisha mshindo, nyundo, na maumivu nisiyoweza kuyaeleza. Ambalo sikukuambia ni kwamba baadaye alinivuta chini ya meza ya kazi, akanilalia, akanifunika kichwa kwa mikono yake, akininong'oneza nisiogope, watapita. Tulilala pale kwenye maranda muda mrefu. Nilikuwa nausikia moyo wake mgongoni mwangu, na sijui kwake nilikuwa nani.

Sasa lile linaloniumiza. Ubao haukuteleza. Niliuangusha mimi, kwa makusudi, nyuma yake, ili aruke nicheke. Unaujua utani wetu. Mara mbili kabla ya hapo aliruka, akacheka na yeye, nami nikajifanya sioni mikono yake inavyotetemeka. Mama alituambia mzaha mzaha hutumbua usaha, nasi tukamcheka. Polisi waliponihoji nilisema uliteleza, kwa aibu.

Basi nilisimama mle mahakamani, nikaomba ruhusa, nikasema yote. Hakimu alinikaripia hadi nikatamani ardhi ipasuke, akasema nami nitaitwa kujibu kwa uongo wangu. Alhamisi akatoa hukumu: miaka mitatu kifungo cha nje, kliniki kila wiki, na akae nyumbani kwa ndugu, penye utulivu. Nilisema atakaa kwangu. Nililia, Dada, sikuficha.

Tukiwa njiani nilimwomba radhi. Akaniambia alijua siku zote. Ubao ukiteleza hutanguliza pembe, ule ulianguka bapa. Seremala hahitaji kuuona. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema hakutaka ukose mume na ndugu kwa siku moja.

Rudi, Dada, ukiweza kutusamehe. Nimekata ndara zangu kuukuu nikabandika vipande kwenye fremu za milango, hakuna mlango unaojibamiza tena. Mchana huu amelala sebuleni, na dirisha liko wazi.

Msalimie Mama, wabusu watoto. Ukifika usigonge mlango. Ita hodi kwa sauti tangu barabarani. Sauti yako anaijua.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mkono mmoja na aibu mbili.