Ile Nguo ya Rafia Niliyoipandisha Jukwaani

Jumapili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, barabara yetu ikawa tope tupu. Sasa jua limetoka, na joto ni lile la kutokwa jasho ukiwa umekaa tu. Nimejifungia ndani ya atelie yangu ya kushonea. Mtu akigonga, nanyamaza kama simo.

Nina aibu. Afadhali niseme moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitajipamba tena, na kujipamba ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mshonaji hapa Kindu. Nashona libaya, zile blauzi za kitenge, sketi, nguo za arusi, na kazi naijua. Mdomo pia ninao, wanaonijua wamekwisha kucheka. Aliyenilea ni mama mudogo, mdogo wake mama yangu mzazi. Mama mzazi alifia porini, upande wa Punia, wakati wa vita, muda mfupi baada ya kunizaa. Sura yake siijui. Kwangu mimi mama ni mama mudogo, na hivyo ndivyo ninavyomwita.

Mwezi uliopita mama aliniletea nguo ya rafia, iliyofumwa kwa nyuzi za mwale, ndani ya mfuko. Panya walikuwa wametafuna pindo lake.

"Unishonee hapa tu," akasema, kidole juu ya pindo. "Fasi ingine usiguse."

Sikuwahi kuiona nguo ile maisha yangu yote. Nilipoikunjua, niliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Vipande vya rafia vilivyofumwa kwa mkono, vimeunganishwa kimoja kimoja kwa uzi uleule wa rafia, rangi yake kama chai isiyokolea. Kwa mbele kulikuwa na matabaka mawili, moja juu ya jingine. Siku hizi nani anafuma hivyo hapa mjini? Sikumuuliza mama ilitoka wapi. Nilijipa jibu mwenyewe: ni nguo ya wahenga, pengine ya mke wa chifu.

Kiherehere changu!

Sisi washonaji wa mtaa tulikuwa tunaandaa defile, maonyesho ya jukwaani ya mavazi ya zamani. Wenzangu walikuwa na mashuka ya bibi zao na magauni ya enzi za Wabelgiji. Mimi nikaona nimepata kitu cha kuwafunga midomo wote. Nikasema nitamshangaza mama. Nitamweka kiti cha mbele, aione nguo yake inashangiliwa, kisha nitamrudishia.

Pindo nililishona. Halafu nikaendelea. Nilipasua ubavuni mpaka pajani. Nikatia shanga kiunoni. Na lile tabaka la pili la mbele nikalifumua na kulitoa, kwa sababu lilimfanya msichana aonekane na tumbo, na kwa sababu rafia ikiwa moja taa inapita. Nilijipongeza kwa hilo. Nilisema, mshonaji ni jicho.

Jana, basi, ukumbi ulijaa. Faila, binti wa jirani yangu, ndiye aliyeivaa. Mwendo anaujua yule, alitoka akizungusha kiuno, taa nyuma yake, miguu yote ikaonekana ndani ya rafia kama kivuli nyuma ya pazia. Mtangazaji akapaza sauti: "Vazi la malkia wetu wa zamani!" Vijana wakapiga vigelegele, simu zikainuka juu. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Nilidhani analia kwa furaha, Mungu anisamehe. Halafu nikaona bibi aliyeketi jirani yake ameinamisha kichwa. Na yule wa nyuma yake. Na wengine wawili watatu wa rika lao, waliotawanyika humo ukumbini, kila mmoja anatazama miguu yake mwenyewe. Vijana bado wanashangilia. Mama akainuka, akapita katikati ya watu bila kuniangalia, akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda.

Jioni nilimfuata nyumbani. Mlango haukufunguliwa.

Leo nimekwenda tena na mvua yote ile. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikapiga magoti na maji yananidondoka, hata kosa lenyewe silijui bado. Aliniacha hapohapo chini mpaka alipomaliza fungu lake. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia.

"Ile nguo njo nilikuwa navaa kule pori. Tulikimbia na kikwembe kimoja tu cha kujifunga. Mama yako alipokufa, nilikufunga nacho weye. Rafia inakwaruza ngozi ya mutoto. Basi mimi nikabakia vile."

Alikaa hivyohivyo bila nguo, akasema, ndani ya kibanda cha majani, mchana hatoki, mpaka mzee mmoja waliyekimbia naye alipomhurumia. Mzee huyo alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akifuma. Alikata rafia changa, akachana nyuzi, akafuma polepole, kipande baada ya kipande. Kazi yenyewe ilitoka nyepesi, mtu anaonekana ndani. Kwa hiyo mama alimwomba afume kipande kingine cha kuongeza mbele.

Kile nilichokifumua.

"Nilirudi Kindu nayo," akasema. "Nilipita barabarani na wewe mgongoni, watu wanatuangalia. Hatukuwa na ingine."

Niliuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja. Hapo ndipo aliponitazama. "Nitamuambia mutoto wangu nilikuwa uchi? Mutoto haone uchi wa mama yake. Njo sababu nilikuambia usiguse fasi ingine."

Hili kila mtu wa hapa analijua. Mtoto akiingia kwa bahati mbaya mama yake anavaa, anageuka, anaomba msamaha. Mama akitaka kukulaani laana isiyotoka, hahitaji maneno, anakuonyesha tu uchi wake. Mimi sikuingia kwa bahati mbaya. Niliuchukua uchi wa mama yangu, nikautia shanga, nikauwekea taa kwa nyuma, nikaalika watu.

Na uchi wenyewe alibaki nao kwa ajili yangu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimwambia anipige, hata kwa mwiko, ningepumua. Hakunipiga. Alisema, "Sasa umeniona. Basi. Simama, unalowesha sakafu." Tulikula wali na sombe, mimi nimeinamisha kichwa.

Simu inaita tangu jana. Bibi arusi mmoja wa Kampene, ambaye mchumba wake ni mfanyabiashara wa madini, anataka ileile, tena anasisitiza, "iliyo laini ya kupitisha taa." Ningekuwa mimi wa juzi, ningekuwa nimekwisha kukata. Kesho nitamwambia hapana. Akiuliza sababu sijui nitajibu nini. Nikisema uongo nimedanganya, nikisema kweli nimemvua mama mara ya pili.

Nguo nimeifumua shanga zote. Kile kipande cha mbele nimekirudisha kwa mkono, nikifuata matundu yaleyale ya mzee yule. Mpasuo nimeuziba, lakini kovu linaonekana. Rafia haisahau mkasi. Nitaipeleka hivyohivyo. Video siwezi kuzifumua. Zinazunguka kwenye simu za watu, watu wanaweka mioyo.

Kabla sijatoka kwake nilimuuliza kama naweza kuliandika jambo hili hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, kwa kuwa hapa ndipo nilipokuwa nikijigamba wiki nzima kuhusu "vazi la malkia." Nilitegemea anifukuze. Alifunika sufuria kwanza.

"Andika," akasema. "Jina langu usitie. Lakini uandike kama tulikuwa wengi kule pori."

Walikuwa wengi. Jana walikuwa ukumbini, nao walikuwa wamelipa kiingilio kama watu wote.