Korosho za Posa

Mjukuu wangu Zuhura, kuna jambo nimelificha tangu ujana, na kwa kuwa nguvu zinaniishia, lipokee kwa kicheko.

Hapa Nandagala hatujambo; ufuta wa mama yako umestawi. Unauliza kama naamini kwamba kompyuta yenu humtambua mwenyewe kwa namna anavyopiga herufi, hata mwizi akilijua neno la siri. Naamini, maana nilikamatwa hivyo hivyo.

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Nachingwea nilipokwenda Chinongwe kumposa bibi yako. Mama yake akanipa korosho nikabangue. “Mwalimu, mikono ya chaki hailishi mtu. Zirudishe nzima.”

Nikazirudisha nzima, nyeupe. Wajomba wakashangilia. Mama akageuza moja, akatazama kisu kilivyopita, akaninong’oneza: “Wewe unashika kisu mkono gani?”

“Wa kulia, mama.”

“Hizi kamenya mashoto. Na mashoto wa humu ndani nimemzaa mimi.”

Nikaificha mikono mgongoni. Yeye akaangua kicheko, akawageukia wajomba: “Amefaulu! Mpeni mke.”

Basi, Zuhura, ushindi ninaosifiwa kwenye kila harusi ya ukoo si wangu. Sikubangua hata korosho moja. Zote alibangua bibi yako.

Babu yako