Bega Kwenye Grafu

Jumatatu, 3 Machi
Mzee kanivunjia heshima mbele ya watu. Eti kile kinundu kwenye grafu yangu ya joto la tone, ninachokiita bega, si kitu. Mashine inatetemeka tu. Msimamizi wangu mwenyewe! Nimwonyeshe bega alione kwa macho yake Ijumaa, la sivyo mashine inakwenda kwa kundi lingine na utafiti wangu wa miaka mitatu ndiyo basi tena. Sawa. Ataliona. Ndani ya mashine tone la metali iliyoyeyuka linaelea hewani, haligusi kitu, linapoa kupita pale lilipopaswa kuganda — na haligandi! Mle ndani chembe zinajipanga. Najua zinajipanga, na bega ndilo alama yake.

Jumanne, 4 Machi
Dada kanikuta jikoni nakata maboksi. Vipande vya pembe tano. Nikampa avipange kama vigae, asiache pengo. Kahangaika weee! Mapengo matupu. Ndiyo hayo, nikamwambia: chembe zikikusanyika kwa mtindo wa tano tano hazifungani vizuri, ndiyo maana tone linachelewa kuganda. Akasema kumbe nimesomeshwa nije kumharibia maboksi yake. Nimecheka mpaka machozi.

Alhamisi, 6 Machi
Nina hasira, siandiki sana. Tone limepoa vizuri, bega linaanza kuchomoza — mwenzangu Kishindo huyo na mabuti yake, mlango pwaa! Tone likaanguka, likaganda papo hapo. Limebaki kama punje ya dengu. Kaomba radhi mpaka nikamhurumia. Jina lile hatukumpa bure. Kuanzia leo hakuna viatu maabara, nimebandika karatasi mlangoni. Mzee kaisoma, kaguna: hii maabara au sebule ya mkwe wako? Akaingia na viatu vyake.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika ili mikono isiguse kitu. Tone linaelea. Linazidi kupoa. Kishindo yuko na soksi, kajibana ukutani, hata kukohoa anaogopa. Mimi siogopi. Haya, naogopa kidogo.
Bega hilo! Dogo, lakini lipo — na linakua!
Viatu vya Mzee kwenye korido. Ko, ko, ko. Tone linachezacheza. Tulia, mwanangu, tulia.
Vimesimama mlangoni.
Kishindo kachungulia kwenye kioo cha mlango, macho yamemtoka. Ananinong'oneza: Mzee kainama, anafungua kamba za viatu.