Kidole cha Pachamama

Tiquirpata, 2 Februari

Mjukuu wangu Delmira,

Hujambo huko La Paz? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonitukana. Anayeniandikia ni Fermina wa dukani. Ukikuta maneno ya adabu, ni yake. Mvua haikatiki. Kila asubuhi nakwenda kwenye kipima mvua ulichonipigilia uani, natia mfukoni punje moja ya mahindi kwa kila mstari, kama ulivyonielekeza. Siku tatu hizi: tisa, kumi na mbili, kumi. Ulisema punje za siku tatu zikifika sitini nigonge kengele ya kanisa, nyumba kumi na moja za korongoni zihame, tope lisije likazizoa. Basi hazijafika. Lakini korongo linanuka udongo mbichi, na sipendi. Kaka yangu Nicanor, anayelala ukingoni kabisa na nguruwe wake, ananiita mganga wa chupa. Unakula?

Bibi yako, Casilda

La Paz, 6 Februari

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, nakula. Hapa kazini nimetandaza kila kitu mezani: picha za setilaiti, madaftari ya mvua ya miaka thelathini, na vipimo vya bonde jirani, ambako ndiko tulikoipata ile sitini. Picha zinaona wingu, hazioni korongo lako. Korongo lako linaonwa na kipimo chako peke yake. Sasa, kwa siku zile zile tatu, bonde jirani limeandika hamsini na sita, wewe thelathini na moja. Wingu ni moja, Bibi. Usikasirike: asubuhi unafanya nini hasa, hatua kwa hatua?

Mjukuu wako, Delmira

Tiquirpata, 9 Februari

Delmira mama,

Mzima. Nilikasirika, kisha nikala viazi, ikapita. Mimi simpunji mtu. Natoka kabla ya chai. Namimina chini maji ya upana wa kidole kimoja, ya Pachamama, mama yetu ardhi, maana yeye ndiye mwenye nyumba, nani anywe kabla yake? Chicha ya mahindi tunammiminia, pombe kali tunammiminia, nije nimnyime mvua? Kisha ndiyo nahesabu. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unammiminia uji.

Hapo Fermina aliacha kuandika, akanitazama. Simwelewi.

Bibi yako, Casilda

La Paz, 12 Februari

Bibi yangu,

Salamu baadaye. Nimepima kidole changu kwenye chombo kama chako: mistari minane. Kila siku umetoa nane. Siku tatu, ishirini na nne. Hesabu kwanza, umimine baadaye. Nakuomba, hesabu kwanza. Simu ya zahanati yenu haiiti, na lori la barua halifiki mpaka huko. Dereva ameahidi kumpa barua mtu wa kwenda kwa miguu.

Delmira wako

La Paz, 18 Februari

Bibi, sijapata jibu. Bonde jirani limefika sabini. Picha zinaonyesha wingu tu.

Delmira

Tiquirpata, 24 Februari

Mjukuu wangu,

Mimi mzima na watu wa nyumba zote kumi na moja wazima. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua unavyosoma barua, unaruka mistari. Yako ilifika tarehe kumi na tano, imelowa, Fermina akaisoma kama anayeinusa. Mfukoni nilikuwa na punje thelathini na tisa za siku tatu. Nikaongeza nane, nane na nane. Sikwenda shule, lakini mkono uliojaa naujua. Nikagonga kengele.

Watu walipanda wakinung'unika. Nicanor aligoma. Akaniuliza, "Casilda, jana ulisema haijafika. Imeongezeka mvua au umeongezeka wewe?"

Nikamwambia, "Nilikosea mimi. Panda, ukanitukane huko juu."

Neno hilo hajawahi kulisikia kwangu tangu tuzaliwe. Ndilo lililompandisha, si kengele. Tope lilishuka wakati wa chakula cha mchana. Limezoa nyumba sita, nguruwe wawili, na ua wangu pamoja na kipimo chako.

Niletee kingine. Safari hii nitahesabu mpaka tone la mwisho, kisha maji yote ni ya Pachamama. Nimeshamwomba radhi kwa kumweka wa pili, nikammiminia chicha ya Nicanor. Nicanor sikumwuliza.

Bibi yako, Casilda