Kabla Sijakwambia Karibu

Kibokoni, Mombasa
Alhamisi, Mfungo Nne, 1947

Kwa ndugu yangu mpenzi, Mwalimu Kamaludin bin Taib, Lamu.

Salamu nyingi zikufikie popote zitakapokukuta, darasani au barazani, nawe uwe mzima na kile kifua kiwe kimekuacha upumue. Wifi yangu Mwanakuu hajambo? Na wale wanafunzi wako, wamehitimu au bado wanakula mikate yako bure? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine utayasoma humu. Nakuomba usimsomee wifi kwa sauti mpaka ufike mwisho, maana namjua, na wewe unamjua zaidi.

Nina suala la dini. Hapa Mombasa masheikh hawana idadi, lakini nikimuuliza mmoja wao asubuhi, adhuhuri habari iko Kuze na alasiri imerudi kwangu imeongezwa chumvi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ila suala hili halifahamiki bila kisa chake, basi nivumilie.

Mume wangu Jaffar, kama ujuavyo, ni fundi wa vyerehani. Miezi mitatu iliyopita alinunua mnadani, kule Mbaraki, gari la wagonjwa lililokuwa la jeshi wakati wa vita, lenye milango miwili nyuma na msalaba ubavuni ambao ameupaka rangi mara tatu na bado waonekana. Akaniambia kwamba kutoka Vanga mpaka Malindi vyerehani vimelala kwa kukosa fundi. Yeye atakuwa akiishi garini siku kumi na nne, akienda mji hata mji akitengeneza, kisha siku kumi na nne atakaa nyumbani. Maneno mazuri. Mimi si mtu wa kudhani vibaya, lakini nikipewa maneno yaliyonyooka sana huyageuza nikayatazama upande wa pili.

Alianza kurudi nyumbani kutoka kulitengeneza gari lake ana furaha. Mtu mzima ameshinda juani akipiga misumari, anarudi anaimba! Chakula akawa hakilalamikii tena. Siku moja niliunguza wali makusudi nimpime. Akala wote, akanishukuru. Hapo usingizi ukanitoka.

Kisha nikasikia neno. Alikuja Alibhai, yule jirani yetu muuza nyuzi, wakakaa barazani, nami nikawa nyuma ya pazia nachagua mchele, kazi ambayo huifanya papo hapo kila akija mgeni. Alibhai akamuuliza ataweza vipi maisha ya nusu na nusu. Jaffar akamjibu kwamba ni kugawa zamu tu, zamu ya huku na zamu ya kule, na kila zamu kuipa haki yake. Zamu, kaka! Mwenye mke mmoja ana zamu gani? Zamu ni za mwenye wake wawili, ahesabiwe usiku wa huyu na usiku wa yule. Na haki inatajwa ya nini, kama huko kule hakuna wa kudhulumiwa? Wajua Mungu hakutujaalia mtoto, na umri wangu umeshapita. Mume wa namna hiyo akijitengenezea kitanda cha magurudumu, mimi nisifikiri nini?

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yakazidi. Shirinbai, mke wa Alibhai, akanijia kunipongeza kwamba mume wangu kashonesha kwake godoro la sufi na mito miwili, akachagua mwenyewe kitambaa cha maua. Mito miwili, kwa kichwa kimoja! Wiki haijesha, Jaffar akaniletea buibui la hariri. Sikuliomba. Wewe wajua huku kwetu mwanamume akitaka kuongeza mke humtuliza wa kwanza kwa kitu kizuri ili asipige kelele. Nililipokea, nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya sanduku, nikamwambia ahsante kwa mdomo wa mbele.

Basi nikamchukua Shirinbai tukaenda Liwatoni, ambako gari lilikuwa likitengenezwa uani kwa Chonga, fundi wa mashua. Milango ilikuwa wazi, nami nikachungulia nikiwa chini. Chonga ni mtu wa maneno mengi akisifiwa, kwa hiyo nilimsifu. Akanieleza kwamba kazi ya ndani ni ile ile ya mashua, kila rafu ina ukingo ili sahani zisianguke njiani. Nikamuuliza mbona rafu za vyombo ziko chini vile. Akasema bwana mwenyewe ndiye aliyetaka ziwe chini, mtu asijinyooshe. Kaka, Jaffar huinama kuingia mlango wa nyumba yetu! Nikajua sasa mwanamke huyo ni mfupi. Tangu siku hiyo kila mwanamke mfupi niliyekutana naye Mombasa nilimtazama usoni, na wengine hawakupenda.

Jaffar akatukuta pale pale. Nikamwambia mbele ya watu anitajie jina lake nami nitamwombea dua. Akauliza jina la nani. Nikamwambia wa zamu ya kule. Uso ukamwiva, na ulimi wake wewe waujua. Mara mbili umeshapanda jahazi kuja kutupatanisha kwa ajili ya ulimi ule: talaka ya kwanza ilikuwa ya chumvi kwenye mchuzi, ya pili ni wakati wa vita nilipompekua mifuko mbele ya mgeni, na mara zote mbili alilia siku ya pili akanirejea. Safari hii maneno yake nayaandika kama alivyoyatamka, kwa kuwa ndiyo suala lenyewe. Alisema: “Swabaha, sikiza. Ukitia guu lako ndani ya gari hili kabla mimi mwenyewe sijakwambia karibu, basi hiyo ni yako ya tatu.” Chonga alisikia, na Shirinbai alisikia.

Mtu mwenye akili angekwenda zake nyumbani akatulia. Nami nilikwenda, nikatulia siku tisa. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa na hakika kwamba nikiona ndani nitapata unywele, au kitana, au harufu ya udi nisioufukiza mimi. Mtu hawezi kukataza kitu kisicho na kitu. Ijumaa iliyopita, wanaume walipokwenda kusali, nikaenda Liwatoni peke yangu. Uani hapakuwa na mtu. Milango ilikuwa imefungwa kwa kamba tu.

Sikutia mguu, kaka. Nilikaa kwenye kizingiti cha gari, nikageuka, nikatambaa kwa magoti, nyayo zangu zikabaki zinaning’inia nje. Nikaona kitanda, na mito ya maua. Nikaona stovu, na birika jipya, na sanduku la sindano na mikanda, na kibla kimechorwa kwa mshale kwenye ubao. Nikanusa kote. Palinuka mbao na mafuta ya cherehani, basi. Nikainua mkono nikashika kikombe kwenye rafu ya juu, na kilikuja mkononi bila ya mimi kujinyoosha hata kidole. Miaka ishirini na mbili, nyumbani kwangu mwenyewe, hupanda kigoda kushusha kikombe. Ndipo nikamjua yule mwanamke mfupi.

Jumapili Jaffar akaja kunichukua. Alinitaka nivae buibui la hariri. Chonga alikuwapo na Shirinbai alikuwapo, na milango yote miwili ilikuwa wazi. Akaniambia karibu, niingie kwa mguu wa kulia, nikague nyumba yangu ya safari. Akaeleza kwamba zamu zote ni zetu sote wawili, siku kumi na nne nyumbani na kumi na nne njiani, maana wakati wa vita nililia sana kwa kuachwa peke yangu. Alificha kwa sababu, asema, alitaka mara moja tu katika maisha yake anione naingia mahali nisipopanusa kwanza. Watu wakacheka. Mimi nikasema kichwa chaniuma. Alinitazama, kaka, kama aliyepigwa kofi na mgeni, akafunga milango taratibu. Siku zile nilisingizia homa nikalala chumba cha uani. Jumatatu akaondoka peke yake, na amesema atarudi baada ya siku kumi na nne, nami niwe nimeshapona na kufungasha nguo.

Sasa suala langu ni hili. Alisema guu. Je, goti ni guu? Ndani ya gari hayakuingia ila magoti. Mtu akimwambia mwenzake usitie mguu nyumbani kwangu, naye akaingiza kichwa dirishani, hakutia mguu. Najua wapo watakaosema mguu ni kuanzia nyongani mpaka kwenye kucha, na goti limo. Lakini wapo, naamini, watakaosema alilokusudia Jaffar ni kukanyaga, na anayetambaa hakanyagi. Ukiniandikia hivyo, kwa mkono wako na jina lako, mimi nitafungasha nguo.

Nimeisoma barua hii tangu mwanzo kabla ya kuifunga. Nimezoea kusoma maneno ya watu nikitafuta palipotoboka, na leo nimepaona pangu. Wewe ni mwalimu, utauliza: mtu aliyepiga magoti, nyayo zake ziko nje, amejuaje kwamba rafu ya juu ni ya kimo chake?

Magoti ni uongo, kaka. Nilikanyaga. Niliingia kwa mguu wa kulia na bismillahi nikasema, kisha wa kushoto, nikasimama katikati wima. Sikusahau maneno yake wala sikulazimishwa na mtu. Nilikaa kitandani, nikaulalia mto mmoja kisha wa pili, nikacheka peke yangu. Kwa muda wa kunywa maji kikombe kimoja hapakuwa na mke mwenye furaha kuliko mimi Mombasa nzima, nami nilikuwa si mke tena.

Hukumu sikuulizi, kwa sababu ulinifundisha mwenyewe kwenye ukumbi wa baba, na ya tatu haina kurejeana. Nakuomba uje. Umekuja mara mbili kutupatanisha. Mara hii njoo ukae karibu nami nikimwambia, kwa kuwa yeye hajui, na katika watu waliosikia kiapo kile hakuna ajuaye ila mimi. Ningeweza kunyamaza. Nimejaribu siku hizi tatu kunyamaza, na nimeona siwezi kupanda gari lile kila mwezi nikalala kwenye mto wa maua na mtu asiye mume wangu, naye ananiamini. Zimebaki siku kumi na moja. Ukikosa chombo cha haraka, panda lori la barua.

Nisalimie wifi Mwanakuu, mwambie pole kwa kusubiri. Wasalimie jirani wote wa upande wa msikitini, na bibi yetu mwuza ukaya wa kujitanda kichwani, kama yu hai. Shirinbai anakusalimu, hajui naandika nini. Mungu akulinde na bahari na mashimo ya njiani.

Wasalaam, ni mimi dadako mdogo,

Swabaha binti Taib